Chapa ya Serikali na Vitambaa vya Bi Mwajuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo, na aliyenikabidhi alitaka niipokee kwa mikono miwili. Ilikuwa Utete, katika ofisi ya misitu, wakati Kibiti bado haijawa wilaya na sisi sote tukiitwa watu wa Rufiji. Nilikuwa msichana wa Chumbi niliyetoka chuo cha misitu juzi tu. Baba yangu, mkulima wa mpunga na mahindi, hakuwa ameelewa hata siku hiyo kwa nini serikali imsomeshe mtu kwenda kulinda miti iliyoota yenyewe.

Afisa Misitu wa Wilaya alikuwa mtu mrefu, mkavu wa maneno, mwenye shati la kaki lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Aliweka nyundo juu ya meza na kuniuliza:

"Unaijua hii?"

"Nyundo ya chapa, bwana."

"Hujaijua bado. Karatasi niliyoisaini inaweza kuloa, inaweza kuliwa na mchwa. Hii ikishagonga mti, hakuna wa kubisha. Ukiipoteza, usirudi hapa kuniambia. Nenda polisi moja kwa moja."

Niwaeleze vijana, maana siku hizi mambo ni ya simu na vibandiko. Nyundo ile ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa na makali kama shoka dogo, wa kubandulia gome. Upande wa pili ulikuwa uso wa chuma wenye herufi na namba zilizochongwa kinyume, ili zikigongwa kwenye mti mbichi zisomeke sawasawa. Mti uliosimama ukigongwa chini shinani, maana yake umeruhusiwa kukatwa. Gogo au boriti ikigongwa kichwani, maana yake imekatwa kihalali. Kila pigo liliingizwa kwenye daftari la chapa: mti gani, kitalu gani, tarehe gani, na safu ya mwisho ya maelezo ambayo mara nyingi ilibaki tupu. Kitalu ni kipande cha msitu kilichopimwa na kufunguliwa kwa wakataji kwa muda, kisha kinafungwa ili kipumue.

Nilipangiwa delta. Nilipanda lori hadi Nyamisati, nikangoja maji yajae, nikapanda boti la injini hadi kwenye kituo chetu, nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo, kijito kikipita chini yake. Mkuu wa Kituo alikuwa mzee mfupi aliyeanzia ulinzi wa msitu akapanda taratibu. Wengine wote walikuja wakahama, yeye akabaki.

"Chuoni wamekufundisha majina ya Kilatini," aliniambia tulipotembea mara ya kwanza kwenye tope. "Sahau kidogo. Hapa usipojua jina ambalo mkataji analijua, atakudanganya mchana kweupe."

Akanifundisha. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui. Msinzi umenyooka na ndio unaopendwa kwa boriti. Mkandaa gome lake hutoa rangi, mchu majani yake yana chumvi ukiyalamba. Mkomafi huota kwenye ukingo ulioinuka, una mizizi bapa kama mbao zilizosimamishwa ubavu, na matunda ya mviringo makubwa kuliko chungwa. Akanifundisha pia kwamba nguzo huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kwamba mkataji hafanyi kazi kwa saa ya mkononi, anafanya kazi kwa maji. Yakipwa anaingia, yakijaa anatoka na mzigo.

Watu waliniita Bwana Misitu. Nilipowaambia mimi ni mwanamke walicheka, wakasema wanaona, lakini cheo ndivyo kinavyoitwa.

Kambi kubwa ya wakataji ilikuwa chini ya Bwana Athumani, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia. Siku ya kufungua kitalu kipya, kabla shoka halijainuliwa, Athumani aliwakusanya wenzake, wakasoma Fatiha, akanyunyiza marashi kwenye mti wa kwanza na kuufunga ukanda mwembamba wa kitambaa cheupe. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mimi nilisimama kando na daftari langu, maji yakiwa yameshapwa, nikiona saa zinakwenda. Jioni niliandika kwenye ripoti kwamba wakataji wanapoteza muda wa maji kwa mambo ya mila.

Mkuu wa Kituo aliisoma, akanirudishia. "Futa hapo."

"Kwani si kweli, mzee?"

"Umeandika ulichokiona. Hukuandika kilichotokea. Ulimuuliza Athumani kile kitambaa ni cha nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilifuta, lakini moyoni sikukubali. Baba yangu alikuwa mtu wa msikitini, mkali kwa hirizi na vitambaa. Alisema mwenye bismillahi hahitaji uzi. Shule nayo ilikuwa imeniongezea kiburi cha aina yake. Kati ya dini ya baba na masomo yangu, sikuona mahali ambapo kitambaa kilichofungwa mtini kingeweza kuwa na maana yoyote.

Mwaka wa pili Mkuu wa Kituo alipata ruhusa ya kwenda kutibiwa macho, nikabaki peke yangu na nyundo. Katika muda huo ikaja barua ya Afisa Misitu wa Wilaya. Alikuwa amepata habari kwamba baadhi ya watu wanafunga vitambaa vyekundu kwenye miti, wanatangaza kwamba hapo pana mzimu, walinzi wanaogopa kupita, na nyuma yake wanalundika boriti zisizo na chapa. Aliagiza mizimu yote ya namna hiyo iondolewe.

Habari zile zilikuwa za kweli. Mahali pa kwanza nilipokwenda nikiwa na Athumani na watu wake wawili, nilikuta kitambaa chekundu mbele na korija kadhaa za boriti za wizi nyuma. Nilijisikia mkubwa. Mahali pa pili vilevile. Siku ya tatu tukafika kwenye kona ya kijito ambapo palisimama mkomafi mmoja mkubwa peke yake juu ya ukingo. Shina lake lilikuwa limezungushiwa vitambaa vingi vyeupe, vya chini vikiwa vimeoza na kuwa kijivu, vya juu vikiwa vipya kidogo. Kati yake palikuwa na viwili vyekundu.

Nilizunguka nyuma ya mti kutafuta boriti. Hapakuwa na boriti. Palikuwa na tope na kaa tu.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na mambo machache ya kuwaeleza. Athumani aliniambia, "Bwana Misitu, huu si wa wale." Nikamjibu kwamba barua haikubagua. Nikachukua panga nikakata vitambaa vyote. Na kwa kuwa mti ulikuwa umekomaa na wenye tumbo zuri la kutoa mataruma, zile mbavu za chombo zinazoshika mbao, nilibandua gome, nikagonga chapa, nikaandika kwenye daftari. Tulipofika kambini kuni zilikuwa zimelowa na moto haukushika. Vitambaa vilikuwa vikavu. Nikavitupa jikoni, moto ukawaka, chai ikachemka. Nilimmiminia Athumani kikombe.

"Leo sinywi, bibi," akasema. Nilidhani amefunga.

Kesho yake asubuhi mwanamke mmoja alikuja kituoni akipiga kafi mwenyewe kwenye mtumbwi mdogo. Umri wake ulikuwa kama wa mama yangu. Aliufunga mtumbwi kwenye nguzo, akapanda ngazi, akapiga hodi.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mie naitwa Mwajuma. Nimeambiwa weye ndiye uliyesafisha ule mkomafi wa kwenye kona."

"Ndiyo, mama. Ni agizo la ofisi."

"Sikatai. Vitambaa umeviweka wapi?"

Ningeweza kusema nimevitupa. Sijui kwa nini sikudanganya. Nilimwambia nimevichoma, tulikuwa tunapika chai.

Alikaa kwenye ngazi ya juu akiwa amenipa mgongo. Alikaa muda mrefu, mimi nimesimama nyuma yake sijui nikae au nisimame. Kisha akaanza kusema akiangalia maji.

Mumewe aliitwa Saidi Omari, mkata boriti. Alitoka na mtumbwi uliojaa mzigo siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi. Mtumbwi ulikutwa umepinduka kwenye mizizi ya mkomafi ule. Yeye hakukutwa. Walimtafuta hadi mashehe wakasema basi, akaswaliwa swala ya ghaibu msikitini, naye Bi Mwajuma akakaa eda ya mtu ambaye hakumwosha wala hakumwona.

"Wenzangu wakiwakumbuka watu wao wana pa kuelekea," alisema. "Kaburi lipo, hata kama limeota majani. Mie nielekee wapi? Mto mzima? Basi kila mwaka ukikaribia mfungo nilikuwa nachana kipande cha shuka lake jeupe, nakwenda pale, nakifunga, nasoma Yasini, narudi nyumbani. Shuka lenyewe limekwisha mwaka jana. Kile cha juu kabisa kilikuwa ndicho upindo."

"Na vile vyekundu, mama?"

"Sivijui. Kuna mtu ana shida zake. Hatukuwahi kuulizana."

Nilimpa pole. Yeye akauliza:

"Majivu yake yapo?"

"Tuliyamwaga kijitoni. Yamechukuliwa na maji."

"Basi," akasema, akainuka. "Na yeye alichukuliwa na maji."

Akashuka ngazi akafungua mtumbwi wake.

Siku ile sikufanya kazi. Nilikumbuka nilivyomwita mpumbavu yeyote aliyefunga vile vitambaa, nilivyomwita kimoyomoyo huku nakata. Siku mbili baadaye nilipata bafta nyeupe mpya kwa mfanyabiashara wa boti, nikaikunja vizuri, nikampelekea nyumbani kwake. Aliipokea, akaipitisha vidoleni kama wanawake wanavyofanya dukani.

"Bafta nzuri," akasema. Akanirudishia. "Lakini hiki ni kitambaa tu, mwanangu."

Nimesoma vitabu kadhaa tangu siku hiyo na nimesikiliza mawaidha mengi juu ya alama na maana zake. Sijakutana na somo lililonikaa kama lile.

Bi Mwajuma akaniuliza kama ni kweli nimeupiga mti chapa. Nikamwambia kweli. Akauliza utakatwa lini. Nikamwambia kitalu kinafungwa mwisho wa mwezi, na mti wenye chapa lazima uwe umekatwa kabla ya hapo.

"Unaweza kuzuia usikatwe?"

"Sijui, mama."

"Basi nenda ukajue."

Kulikuwa na njia ya kufuta chapa. Unaikata kwa makali ya nyundo mara mbili, mikato ipishane, halafu unaandika sababu kwenye daftari na kumpelekea Afisa ripoti. Sababu ndiyo ilikuwa kazi. Athumani, ambaye watu wake walikuwa wamekataa kuugusa ule mti, alinipa ushauri mwepesi.

"Andika umeoza ndani. Nani atakuja kuupasua aone?"

Nilikaribia kuandika hivyo. Kilichonizuia si uaminifu, ni hofu ya mwaka ujao. Niliona afisa mwingine, msichana mwingine kama mimi, akifika pale, akiuona mti mzima wenye afya, akiugonga tena.

Wakati nikiwa katika mawazo hayo alipita kituoni Maalim Shabani, mwalimu wa madrasa wa kijiji cha jirani. Alikuwa ametangaza vita dhidi ya vitambaa miaka mingi kabla yangu, nikadhani amekuja kunipongeza. Nilimweleza habari za Bi Mwajuma. Alivua kofia akakuna kichwa.

"Wallahi nilijua vitambaa vipo. Sikujua ni vya nini."

"Hukumuuliza, Maalim?"

"Sikumuuliza. Nilimsema tu." Akaivaa tena kofia yake. "Sikiliza. Kitambaa hakisikii dua, na anayekiomba kitambaa amepotea. Hilo sitalibadilisha. Lakini mama yule hakukiomba. Alikuwa anamwombea mumewe kwa Mungu, na mtu akiomba anahitaji pa kuelekeza uso. Hata sisi tumepewa kibla. Hatuabudu mawe ya Kaaba."

Nilipoinua kalamu akaongeza haraka, "Ila usiandike kwamba Maalim Shabani ameruhusu mizimu!"

Niliandika hivi: Chapa imefutwa. Niligonga bila kuuliza. Mti ni mahali pa kumkumbuka marehemu ambaye mwili wake haukupatikana. Nikaipeleka ripoti kwa boti la kwanza kabla sijabadili mawazo.

Afisa Misitu wa Wilaya alikuja mwenyewe. Mkuu wa Kituo alikuwa amerudi, macho yake yamepona, na sote watatu tukapanda boti hadi kwenye kona. Bi Mwajuma alikuwa ametangulia, kakaa ndani ya mtumbwi wake chini ya matawi.

"Umeniandikia kaburi," Afisa aliniambia mbele ya wote. "Kaburi gani liko juu ya maji?"

Kisha akamgeukia Bi Mwajuma, na sauti yake ikashuka.

"Mama, nimesikia habari yako na nakupa pole. Lakini ofisi haiwezi kuuacha kila mti uliofungwa kitambaa. Kesho watafunga msitu mzima."

"Kweli, baba. Watafunga."

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Mie sikukuita unifanyie kitu. Kitambaa sina tena. Nataka nijue tu, nikija mwakani, nitakuta nini hapa."

Afisa alikanyaga ukingo na viatu vyake vya ofisini, tope likamfika kwenye kifundo. Alizunguka shina, akaigusa ile chapa niliyoikatakata, akainua uso kuangalia juu. Matunda yalikuwa yamening'inia kila tawi.

"Unazaa vizuri," akasema, kama anajisemea.

"Kila mwaka, bwana," Mkuu wa Kituo akadakia. "Na ukingo huu wote hakuna mkomafi mwingine mkubwa. Hii midogo yote unayoiona ni watoto wake."

Nieleze hapa kwamba katika kazi yetu kuna kitu kinaitwa mti wa mbegu. Ni mti unaoachwa makusudi, hata kitalu kikikatwa chote, ili mbegu zake zirudishe msitu. Mti wa mbegu haugongwi chapa na afisa yeyote, leo wala kesho, bila idhini ya wilaya. Na mkomafi ule kwa kweli ulistahili kuwa mti wa mbegu. Mimi mwanachuo nilikuwa nimekaa chini yake na panga mkononi nisilione hilo.

"Andika," Afisa aliniambia. "Mti wa mbegu."

Nilifungua daftari juu ya goti nikaandika. Bi Mwajuma, ambaye hakujua kusoma, alishika ubavu wa boti letu akauliza nimeandika nini.

"Kwamba usikatwe, mama."

"Na jina lake?"

Nilimwangalia Afisa. Afisa alikuwa anaangalia maji. Katika safu ya maelezo nikaandika: Saidi Omari, mkata boriti. Nikamsomea Bi Mwajuma kwa sauti. Akaniomba nimsomee mara ya pili, nikamsomea. Afisa akapokea daftari, akasoma ukurasa wote pole pole, akasaini.

Wiki chache baadaye nilipata barua ya uhamisho kwenda Bungu, kwenye kizuizi cha mazao ya misitu barabarani. Nilikwenda Utete kuuliza nimekosa nini.

"Sikuhamishi kwa sababu ya mti," Afisa alinijibu. "Mti uko sawa. Nakuhamisha kwa sababu ulikuwa na chapa ya serikali mkononi ukachoma kitu usichokijua. Watu wale waliiogopa nyundo yako kuliko mzimu wowote, ndiyo maana walinyamaza. Nenda barabarani ukajifunze kuzungumza na watu."

Niliumia, lakini baadaye nilimwelewa. Nilikuwa nimewacheka wenye vitambaa na kusahau kwamba herufi zangu nazo zilikuwa alama tu. Chuma hakikuwa na nguvu yoyote. Watu ndio walikuwa wamekubali kukiheshimu.

Bungu nilikaa miaka mingi kuliko nilivyotarajia. Kazi ilikuwa kusimamisha magari ya mbao na mkaa, kukagua vibali na kuangalia chapa. Nikaanza mazoea ya kuuliza. Madereva walining'iniza vitu vya kila namna: tasbihi kwenye kioo, aya iliyoandikwa juu ya usukani, kitambaa cheusi kwenye bampa. Dereva mmoja alikuwa na kiatu cha mtoto kimefungwa mbele yake. Nilimuuliza kama ni cha kuzuia husuda.

"Hapana, bibi. Cha binti yangu. Nikikiona napunguza mwendo."

Mazoea hayo yaliwahi kunitia aibu. Nilitumwa Mbwara kupima msitu wa kijiji, nikakuta chungu kimewekwa chini ya mti, kimefunikwa kwa jani. Nikavua viatu. Nikawaambia wenzangu wavue. Tukasimama kwa adabu hadi akatokea bibi mmoja na jembe begani, nikamwamkia na kumwomba kwa unyenyekevu atueleze maana ya chungu kile.

"Chungu changu cha maji ya kunywa," akasema. "Mnakitakia nini? Na mbona mmevua viatu kwenye miiba?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Tulicheka naye, akatugawia maji.

Kibiti ilipokuwa wilaya mimi nilikuwa miongoni mwa wakongwe wa ofisi. Kwenye fomu ya kukagua miti niliongeza mstari mmoja: Nani anaujua mti huu? Bosi mmoja akaufuta, akisema si swali la kitaalamu. Alipohama nikaurudisha. Sijui kama bado upo.

Delta niliendelea kupita kikazi, na kila nilipopita nilimsalimia Bi Mwajuma. Hakufunga kitambaa tena. Alikwenda tu kila mwaka kabla ya mfungo, akaegesha mtumbwi kwenye mizizi, akasoma. Mwaka mmoja alinikubalia nifuatane naye. Alisoma, mimi nikaitikia amina. Alipomaliza nilimuuliza jambo nililolibeba muda wote.

"Mama, ulinisamehe?"

Alishika mzizi, akausogeza mtumbwi kivulini.

"Miaka ya mwanzo nilikuwa nakuja hapa namwombea yeye, halafu nakukumbuka weye, nakasirika, hata dua inanipotea. Ikawa hivyo hivyo. Halafu siku moja nikajikuta nimekutaja na weye kwenye dua. Sikukusudia, mwanangu. Lilinitoka."

Alifariki miaka michache kabla sijastaafu. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake wenzangu ndani wakati wanaume wakimpeleka. Binti yake aliniambia kwamba kichwani pa kaburi wameweka shahidi wa mbao, kile kibao kinachoonyesha kwamba hapa amelala mtu. Mkomafi wenyewe haupo tena. Mto ulibadili njia mwaka wa mafuriko, ukaumega ukingo, mti ukaenda na maji. Miche yake ipo. Ukipita kwenye kona ile na boti utaiona imesongamana, na hakuna anayejua kwamba ina habari yoyote.

Sasa nimestaafu, naishi Kibiti mjini, nalima bustani nyuma ya nyumba. Vijana wa idara hunitembelea kuniuliza mambo ya zamani. Wengi wanataka niwape orodha: nyeupe ni nini, nyekundu ni nini, udi ni wa nini, marashi ni ya nini. Nawaambia orodha ninayo na haitawasaidia. Nyeupe ni sanda, nyeupe ni ihramu, nyeupe ni ya mwari anayetolewa ndani, nyeupe ilikuwa shuka la Saidi Omari. Kitu kile kile, na mwenye nacho ndiye peke yake anayejua amekiwekea nini. Dini inatufundisha tusikiabudu. Hilo ni kweli na ndivyo ninavyoamini. Lakini sikusikia popote dini ikinifundisha nikanyage moyo wa mtu kwa sababu sijaelewa alichoning'iniza.

Mume wangu aliwahi kufanya kazi kwenye pantoni pale Ndundu kabla ya daraja. Alifariki mwaka jana. Kofia yake ya mkono, aliyoshonewa na dada yake, ilibaki kwenye msumari karibu na mlango, pale alipokuwa akiitundika akitoka msikitini. Eda yangu ilipokwisha, mke wa mwanangu alikuja kutoka Dar es Salaam kunisaidia kusafisha nyumba. Ni mtoto wa mjini, ana haraka, anapenda kuta tupu na madirisha wazi. Alitoa magodoro juani, akafua mapazia, akachoma takataka uani. Mimi nilikaa jikoni nachambua mchele.

Nikamsikia ameacha kusugua pale mlangoni. Kisha akaja hadi nilipo, mikono ikiwa na povu, akachutama.

"Mama, ile kofia ya baba. Niiondoe au niiache?"

"Iache, mwanangu."

Hakuuliza zaidi. Alirudi akafuta ukuta juu ya msumari, akafuta na chini yake, akaendelea na dirisha.